Jinsi ya kuokoa onyesho la muziki lililobaki kwenye kaseti

Usiku wa Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, pale ukumbi wa DDC Kariakoo, arusi ya Mombasa aliyotumbuiza mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo, Remmy Ongala na Super Matimila ukumbi umejaa hadi mlangoni: aliyekuwepo anaweza kukusimulia mpaka kuche, lakini ukitaka kusikia, njia iliyobaki mara nyingi ni kaseti ya mtu aliyekwenda na redio kaseti yake akaiweka mezani karibu na spika. Kaseti hizo sasa zina miaka 30, 40, nyingine zaidi. Nyingi bado zinaimba. Kinachozimaliza si umri peke yake, ni kuingizwa kwenye mashine chafu na mtu mwenye haraka.

Maelezo haya ni ya kaseti za onyesho, siyo za albamu. Albamu ikikatika utaipata kwa mwingine. Ya onyesho huenda ni hiyo moja tu duniani, kwa hiyo ichezwe mara chache, na ile mara ya maana iwe imeandaliwa vizuri. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujabonyeza chochote kwenye kompyuta.

Anza kwa kuitafuta nakala ya kwanza

Ukipewa kaseti, uliza ilikotoka. Kaseti za arusi na za kumbi zilinakiliwa sana, kutoka mkono hadi mkono, na kila kunakili kunaongeza shiii ya utepe na kula sauti nyembamba. Mombasa kulikuwa na maduka kama Mbwana Radio Service yaliyotengeneza na kuuza kaseti za taarabu, na nakala iliyotoka dukani moja kwa moja ni bora mno kuliko ile iliyopita kwa majirani watatu. Ukipata mbili za onyesho lile lile, hamisha zote. Mara nyingi moja ina mwanzo uliokatika kwenye nyingine.

Piga picha ganda, karatasi na kila kilichoandikwa, hata kama ni kalamu iliyofifia. Halafu vunja vile vijimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, upande usio na utepe. Vikishavunjwa, mashine haiwezi kurekodi juu yake hata kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya.

Kagua utepe kwa macho

Itazame kaseti kwenye mwanga kupitia dirisha lake. Unga mweupe au nyuzinyuzi kwenye kingo za utepe ni ukungu, na pwani ukungu ni jambo la kawaida. Kaseti ya namna hiyo usiiingize kwenye mashine nzuri, kwani itaambukiza hedi, yaani kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe, na kaseti zinazofuata. Iache sehemu kavu siku kadhaa ndani ya kopo lenye vifuko vya silika, kisha uifungulie nje ya nyumba ukiwa umevaa barakoa. Futa utepe taratibu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi huku ukiuzungusha kwa mkono. Usianike juani wala usiweke karibu na jiko ili ikauke haraka: ganda linapinda na utepe unavutika.

Kisha angalia katikati ya ule uwazi wa mbele. Kuna kisponji kidogo juu ya kibati cha shaba, na kazi yake ni kuusukuma utepe ukae sawasawa kwenye hedi. Gundi yake hukauka na sponji hudondoka. Dalili zake: sauti inakuja na kuondoka, ya juu imepotea, na upande mmoja umefifia. Dawa yake ni kuhamishia utepe kwenye ganda lingine zima. Magando yenye skrubu tano hufunguka kwa bisibisi ndogo ya nyota. Yaliyochomelewa yanapasuliwa kwa wembe mnene kwenye mshono, kuanzia pembeni, mbali na spuli (magurudumu yanayozungushiwa utepe). Funguo ya kazi ni kuilaza kaseti mezani na kuinua ganda la juu tu. Ukiisimamisha, utepe utamwagika na utakesha nao.

Uliokatika unaungwa kwa tepu maalumu ya kuungia, yenye upana wa milimita 3.81 kama utepe wenyewe. Selotepu ya dukani usiitumie: gundi yake hutoka pembeni na joto letu, ikashikisha raundi za jirani. Upande wenye muziki ni ule unaotazama nje kuelekea hedi, hivyo tepu ibandikwe upande wa ndani.

Angalia na urefu. Utepe wa dakika 60 una unene wa karibu maikroni 18, wa dakika 90 karibu 12, wa dakika 120 karibu 9 tu. Watu walipenda kwenda ukumbini na za 120 ili wasigeuze upesi, na hizo ndizo zinazoliwa na mashine. Za 120 usizipeleke mbele na nyuma kwa kasi. Zirudishe polepole, ikibidi kwa kalamu ya wino iliyoingia kwenye meno ya spuli. Za 60 na 90 ni vizuri kuzipeleka hadi mwisho na kuzirudisha mara moja kabla ya kazi ili mvuto ulingane, maana zimekaa miaka bila kusogea.

Mashine

Tafuta deki ya mezani ya zamani, ile iliyokuwa sehemu ya seti ya muziki, yenye matundu ya kutolea sauti nyuma. Vile vicheza kaseti vipya vya bei nafuu vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta viache. Mota zake zinayumba, na fidla au kinanda kikishika noti ndefu utasikia inatetemeka. Mpelekee fundi redio deki abadilishe belti, kwa sababu belti za zamani huyeyuka zikawa kama lami, na umwombe apime kasi. Kasi sahihi ni sentimita 4.76 kwa sekunde.

Kusafisha unafanya mwenyewe, na unafanya kabla ya kila kaseti. Hedi na ile ekseli nyembamba ya chuma inayovuta utepe husafishwa kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya rangi haifai kwa kuwa rangi yake hubaki kwenye hedi. Rola ya mpira isafishe kwa maji yenye tone la sabuni, kisha ikauke kabisa. Alkoholi ya mara kwa mara huugumisha mpira, na rola ngumu ndiyo inayoachia utepe uteleze na kusokotwa ndani.

Kutoka kwenye deki, waya uingie kwenye kadi ya sauti ya nje yenye tundu la laini (line in). Tundu la maikrofoni halifai: sauti ya deki ni kubwa mno kwake, itapasuka. Kama una redio kaseti yenye tundu la hedifoni peke yake, tumia hilo, sauti ikiwa theluthi hivi, na ondoa besi za ziada na vikorombwezo vyote. Kuweka simu mbele ya spika na kurekodi ni jambo la kufanya kama nyumba inaungua.

Kuinyoosha hedi: hapa ndipo tofauti inaposikika

Hedi ya ile redio kaseti iliyorekodi ukumbini huenda ilikuwa imeinama kidogo. Hedi ya deki yako imenyooka. Zisipokubaliana, sauti ya juu hupotea na muziki husikika kana kwamba bendi iko nyuma ya pazia. Wengi hudhani utepe umechakaa na kukimbilia kuongeza trebo (sauti za juu) kwenye kompyuta, na wanachoongeza ni shiii tupu. Tatizo ni skrubu moja.

Ondoa kifuniko cha mlango wa deki. Kando ya hedi kuna skrubu mbili. Ile yenye springi chini yake ndiyo ya kuinamisha. Weka alama ya mahali ilipo kwa rangi ya kucha ili uweze kuirudisha. Cheza sehemu yenye sauti nyembamba: njuga za rika (dufu dogo lenye njuga) kwenye taarabu, au manyanga na matoazi kwenye dansi. Zigeuze chaneli mbili ziwe mono. Mono ndiyo inayokuonyesha, kwa sababu hedi ikiinama chaneli ya kushoto na ya kulia hazifiki pamoja, na zikiunganishwa sauti za juu hufutana. Zungusha skrubu polepole, nyuzi chache tu kila upande, kwa bisibisi isiyo na sumaku. Utasikia njuga zikifunguka, zikaja mbele, kisha zikaanza kufifia tena. Rudi pale zilipokuwa wazi kuliko pote.

Fanya hivyo kwa kila kaseti, na upande wa pili uusikilize upya. Mara nyingi A na B hazilingani.

Dolby, mfumo wa kupunguza shiii ya utepe, izime. Redio kaseti za kubebwa kwa kawaida hazikuwa nayo, na kuiwasha kwenye utepe usiorekodiwa nayo kunameza sauti za juu. Kitufe cha aina ya utepe kiwe kwenye kawaida, isipokuwa sauti iwe kali kupita kiasi.

Kurekodi

Kwenye Audacity au programu nyingine yoyote ya kuhariri sauti, weka sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, stereo, hata kama onyesho lilirekodiwa mono. Baadaye utachagua chaneli iliyo safi zaidi. Upande mmoja wa dakika 45 utachukua karibu megabaiti 780, kwa hiyo kaseti nzima ya 90 ni kama gigabaiti 1.5. Hakikisha diski ina nafasi, zima taarifa zote za kompyuta na uizuie isilale.

Kabla ya kucheza, rekodi sekunde kumi za deki ikiwa imewashwa lakini kaseti haizunguki. Utaihitaji baadaye. Kisha tafuta mahali penye kelele nyingi, aghalabu pale ngoma zinapopanda na watu wanapiga vigelegele, na panga kiwango ili vilele vifike kati ya desibeli -12 na -6. Usikaribie sifuri. Sauti ikishapasuka kwenye kompyuta hairekebishiki, ilhali ya chini inapandishwa tu.

Sasa rudisha mwanzo na uache iende. Usisimamishe katikati ya nyimbo, usikate maneno ya mtangazaji, usiruke pale watu wanapoongea. Kaa karibu na hedifoni. Kama ghafla sauti ya juu inapotea upande mmoja, hedi imeziba kwa unga wa utepe. Simamisha, safisha, rudi nyuma dakika moja, uendelee kwenye faili jipya na uunganishe baadaye. Ukisikia mlio wa kukwaruza au utepe unapunguza mwendo, toa kaseti mara moja.

Faili hili lisiloguswa ndilo faili mama. Lihifadhi kama WAV, au FLAC ambayo huteremka hadi karibu nusu bila kupoteza kitu. MP3 ni ya kutumiana kwenye simu.

Kurekebisha kasi

Kaseti za maonyesho zina ugonjwa ambao albamu hazina: betri. Mtu alikwenda na betri nne au sita, na kadiri usiku ulivyosonga zikachoka, mota ikapunguza mwendo. Utepe uliorekodiwa polepole ukichezwa kwa kasi ya kawaida hukimbia. Ndiyo maana mwanzo wa kaseti mwimbaji ni mtu mzima na mwisho wake amekuwa kijana wa kipaimara. Mara nyingine husikii kwa sikio kwa kuwa mabadiliko ni ya polepole, lakini mpiga gitaa akijaribu kufuatisha anaona hakuna mkao unaokubali.

Njia nzuri ya kupima ni umeme wenyewe. Afrika Mashariki umeme ni hezi 50, na vipaza sauti vya ukumbini huvuma kwa 50, 100 na 150. Mvumo huo ulirekodiwa pamoja na muziki. Chagua mahali pa kimya kati ya nyimbo mbili, fungua uchambuzi wa masafa, utafute vilele hivyo. Maikrofoni ndogo za redio kaseti hazishiki 50 vizuri, hivyo tazama 150. Ukikuta kilele kipo 159, kaseti inakimbia: 150 ukitoa 159, ugawe kwa 159, ni kama asilimia -5.7, yaani karibu nusu toni nzima. Tumia amri inayobadili kasi na sauti kwa pamoja, siyo ile ya tempo peke yake.

Zile sekunde kumi za mwanzo zina kazi hapa. Deki yako nayo inavuma kwa umeme wa nyumbani kwako, na huo utasimama 150 kamili siku zote. Ukichanganya mvumo wako na wa ukumbi utaamini kaseti iko sawa. Linganisha: kilele kilichopo kwenye zile sekunde kumi si cha onyesho. Jambo la pili ni jenereta. Umeme ulipokatika na jenereta kuwashwa, mvumo haukuwa tena 50 kamili, kwa hiyo ukiona kilele kimeruka ghafla kati ya wimbo mmoja na mwingine, usikiamini. Shika noti ya ala isiyolegea, kama akodioni au kinanda, halafu linganisha na wimbo wa kabla.

Kwa kuwa kasi hubadilika taratibu, pima kila baada ya dakika kumi hivi na urekebishe kipande kwa kipande. Mipaka ya vipande iweke kwenye kimya kati ya nyimbo, isije ikasikika. Na usiondoe mvumo kabla ya kumaliza hatua hii. Wengi husafisha kwanza, kisha hawana tena cha kupimia.

Kusafisha, kwa kiasi

Sasa unaweza kukata chini ya hezi 40 na kupunguza mvumo wa umeme. Kupunguza shiii ya utepe, desibeli 6 zinatosha. Ukivuta zaidi, makofi na vigelegele vinaanza kusikika kama vipo chini ya maji, kwa sababu vimo kwenye masafa yale yale ya shiii na programu haijui tofauti. Binafsi ningeacha shiii yote kuliko kupoteza ukumbi. Asiyetaka kelele za watu atafute rekodi ya studio.

Kuna kasoro moja isiyotibika: redio kaseti nyingi zilijipangia sauti zenyewe, na ngoma ikipigwa kwa nguvu mwimbaji huzama, kisha hupanda tena polepole. Usihangaike nayo. Pale kaseti ilipogeuzwa wimbo ukakatika, acha sauti ififie na ianze upya. Kuunganisha kwa ujanja ili ionekane hakuna kilichopotea ni kudanganya watakaosikiliza.

Ni onyesho lipi, na la lini?

Sikiliza maneno ya mtangazaji kuliko nyimbo, kwa kuwa nyimbo huimbwa miaka. Majina ya bendi yana tarehe ndani yake. Bendi iliyoanza 1964 kama Nuta Jazz ikawa Juwata mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978 na haikuwa ya DDC mpaka 1983. Mbaraka Mwinshehe akiwa na Super Volcano ni baada ya kuondoka Morogoro Jazz 1973 na kabla ya ajali iliyomwua Januari 1979. Kwenye taarabu sikiliza majina ya bibi na bwana arusi, na ya wanaotunza yakitajwa. Wazee wa mtaa wakisikia majina matatu hukupa mwaka.

Jina la faili lianze na mwaka, kisha bendi, mahali, upande: 1984_mlimani-park_dar_A. Usichokijua weka xx, usibahatishe. Pembeni yake weka faili la maandishi lenye mashine uliyotumia, asilimia ya kasi uliyorekebisha na nani alikupa kaseti. Nakala ziwe tatu, mbili kwenye diski tofauti na moja nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kaseti yenyewe usiitupe. Irudishe ndani ya kasha, isimame wima, mbali na spika kubwa kwa sababu ya sumaku zake, na kifuko cha silika kibadilishwe kila masika.

Kabla ya kuweka mtandaoni

Mwenye kaseti si mwenye wimbo. Wanaosimamia hakimiliki Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar COSOZA, Kenya KECOBO, na bendi nyingi bado zipo au warithi wanajulikana, kwa hiyo anza kwa kuwapelekea wao nakala. Wengi wao hawana rekodi ya usiku huo na hufurahi.

Arusi ni habari nyingine. Taarabu ya wanawake iliimbwa ndani, kwa walioalikwa, na mafumbo yake yalikuwa na wenyewe. Mpasho uliomlenga jirani mwaka 1988 unaweza kuwa bado unamlenga, naye yu hai na ana wajukuu wenye simu. Ipeleke rekodi kwa familia kwanza, msikilize pamoja hadi mwisho, na wakisema wimbo fulani usitoke, uondoe kwenye nakala ya kusambaza. Kwenye faili mama usiguse kitu.